Mizani Chini ya Mti: Malezi ya Watoto Wadogo katika Nyanda za Juu Kusini

Wahenga wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii husemwa sana mikutanoni, aghalabu kama pambo la hotuba, kisha ikaachwa pale pale jukwaani pamoja na maua ya mezani. Katika insha hii tunakusudia kuichukua kwa uzito wake, yaani kuitazama kama historia. Tunataka kuuliza: ni mikono gani iliyowalea watoto wa Mbeya na Iringa? Ni mambo gani yaliyoilegeza mikono hiyo? Na ni lini ilishikana tena, hata mataifa mengine yakaja kujifunza kwetu?

Watu wengi wakitajiwa utamaduni wa taifa huwaza ngoma, mavazi, lugha na vyombo vya kale. Hayo yote ni kweli. Lakini namna jamii inavyomlisha mtoto wake wa miaka miwili, nani humwangalia mama akiwa shambani, na nani ana haki ya kusema neno mtoto wa jirani akidhoofika, hayo nayo ni utamaduni. Tena ni mzizi wa utamaduni, kwa maana asiyekua hatacheza ngoma wala hataisema lugha.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kumkumbusha msomaji jambo moja la mipaka. Mkoa wa Iringa tutakaoutaja katika habari za miaka ya 1980 ulijumlisha pia Njombe, Makete na Ludewa, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Njombe. Vivyo hivyo Mkoa wa Mbeya wa zamani ulijumlisha nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe.

Malezi ya Jadi

Miongoni mwa makabila ya nyanda hizi, Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela ndio ambao desturi zao za malezi ziliandikwa kwa kirefu zaidi. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kwao katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Bibi Wilson akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Alieleza kwamba mtoto wa kiume alipofika miaka kumi au kumi na mmoja hivi, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda pamoja na wenzake wa rika moja kujenga vibanda pembeni mwa kijiji. Kwa kulala walikuwa kwao, lakini kwa kula walikuwa wa mama zao. Kundi la vijana lilikwenda kula leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, hata ikawa kila mama amelisha watoto wa wenzake, na kila mtoto ameonja chungu cha kila nyumba.

Mafunzo ya desturi hii yako wazi. Mtoto aliyekula katika nyumba kumi alijulikana na mama kumi. Kama alikuwa mgonjwa, mama kumi waliona. Kama kwao kulikuwa na upungufu, haukuweza kufichika, wala yeye hakulala na njaa kwa ajili ya upungufu huo. Uungwana wa kuishi vizuri na wenzako, kula pamoja na kuzungumza pamoja, ulihesabiwa kuwa shina la maisha mema.

Huku upande wa Iringa, Wahehe, Wabena, Wakinga na Wapangwa walikuwa na taratibu zao. Kazi kubwa ya shamba ilifanywa kwa kusaidiana: mwenye shamba alipika pombe, majirani wakaja na majembe, na kesho yake zamu ikawa ya mwingine. Bibi aliyechoka kulima ndiye aliyebaki nyumbani na wajukuu, na jicho lake halikumwacha mtoto aliyekuwa akitambaa karibu na moto.

Hata hivyo, hatupendi kuipamba jadi kupita kiasi. Watoto wengi walikufa zamani zile kwa surua, kwa kuhara na kwa homa, na hapakuwa na dawa ya kutosha. Tena desturi ya kulishana ilimfaa zaidi mvulana wa miaka kumi ambaye miguu yake ilimfikisha mlangoni kwa jirani. Mtoto aliyeachishwa ziwa jana, asiyeweza kwenda wala kuomba, alitegemea tu mama yake na bibi yake. Hapo ndipo palipokuwa na upenyo, na ni kupitia upenyo huo misukosuko iliingia.

Jinsi Mikono Ilivyolegea

Msukosuko wa kwanza ulikuwa kodi. Utawala wa kikoloni, wa Wajerumani na kisha wa Waingereza, ulidai fedha kwa watu ambao utajiri wao ulikuwa ng'ombe, ulezi na ndizi. Wanaume wakaanza kuondoka. Wabena na Wakinga walichukuliwa kwa wingi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wanyakyusa walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, hata Afrika Kusini. Mwanamume alikaa huko mwaka, au miaka, na wengine hawakurudi kabisa.

Nyumbani alibaki mwanamke na jembe. Kazi zilizokuwa zake aliendelea nazo, na zile za mume zikaongezeka. Alitoka alfajiri, akarudi jioni, akiwa na mtoto mgongoni. Na mtoto wa mgongoni alipopata mdogo wake, alishushwa chini, akaachwa na dada yake wa miaka saba au minane. Basi taratibu mikono mingi ikawa mikono miwili, nayo imechoka.

Ghala Limejaa, Mtoto Amekonda

Baada ya Uhuru taifa lilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, chini ya uongozi wa Daktari T. N. Maletnlema. Mwaka huo huo redio ilieneza kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Tangu mwaka 1974 huduma za mama na mtoto zilienezwa nchini kote, na akina mama wakazoea kwenda kliniki na kadi. Aidha sheria ya mwaka 1975 ilikipa kila kijiji kilichoandikishwa halmashauri yake, na hilo, kama tutakavyoona, lilikuwa jambo la maana sana.

Wakati huo huo Iringa na Mbeya, pamoja na Rukwa na Ruvuma, zilikuwa ndiyo mikoa minne iliyotegemewa na taifa kwa mahindi. Malori yalishuka na magunia kwenda kulisha miji. Ndiyo maana wataalamu walipopima watoto wa Iringa, matokeo yaliwashangaza wengi. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na uzito pungufu kuliko umri wao. Katika mkoa wa ghala, watoto walikuwa wamekonda!

Sababu haikuwa kukosekana kwa chakula. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo kama ngumi yake. Hawezi kula mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kama alavyo baba yake, akashiba. Hutaka kula mara nne au tano. Uji wa mahindi ukipikwa mzito, unamkwama. Ukiongezwa maji ili anywe, unamjaza tumbo pasipo kumpa nguvu. Na yule wa kumpikia mara nne yuko wapi? Yuko shambani, au mtoni, au msituni kutafuta kuni. Njaa hii haikupiga hodi kwa kelele kama njaa ya ukame. Ilikaa ndani ya nyumba yenye kihenge kilichojaa, na wenye nyumba hawakuiona.

Mizani Chini ya Mti

Mwaka 1983 ulianza mkoani Iringa Mpango wa Pamoja wa Lishe wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kuhudumia Watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168. Fedha ilikuwepo, na wataalamu walikuwepo, lakini sifa ya mpango ule haikutokana na fedha wala na wataalamu. Ilitokana na kwamba kazi ya kupima, kufikiri na kuamua ilikabidhiwa kijiji chenyewe.

Kwanza wananchi waliitwa mikutanoni. Palionyeshwa filamu iliyoeleza habari ya njaa iliyofichika, na vikundi vya ngoma na maigizo vikaimba na kuigiza mambo hayo hayo. Ndipo kila kijiji kikachagua wahudumu wake wa afya wakapewa mafunzo. Kisha ikawekwa siku ya afya ya kijiji, mara moja kila miezi mitatu.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo, na siku hizo tunazikumbuka vizuri. Mizani ilitundikwa kwenye tawi la mti karibu na ofisi ya kijiji. Mtoto alivishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda, akaning'inizwa, akalia sana, na mshale ukatulia. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi tatu. Aliyeangukia kijani alikuwa salama. Aliyeangukia kijivu alikuwa na upungufu. Aliyeangukia nyekundu alikuwa hatarini. Hata mama asiyejua kusoma aliijua rangi ya mwanawe.

Siku moja mdogo wetu wa kike aliangukia nyekundu. Baba yetu, mkulima aliyeheshimiwa, alikasirika mbele ya watu. "Nani asemaye mwanangu ana njaa?" aliuliza. "Nendeni mkatazame kihenge changu." Watu walinyamaza kwa heshima. Ndipo bibi mmoja mkunga, ambaye alikuwa amewapokea watoto wote wa nyumba yetu, akamjibu kwa upole, "Mwanangu, kihenge hatukukipima. Tumempima mtoto."

Maneno hayo hatujayasahau hata leo. Halmashauri ya kijiji ilipokutana, haikumtoza baba faini wala haikumtukana mama. Iliuliza maswali. Mtoto hula mara ngapi? Mchana nani humpa chakula? Ikaonekana kwamba mama alishinda bondeni kwenye vinyungu tangu alfajiri, na mtoto aliachwa na dada yetu ambaye mwenyewe alikuwa mtoto. Uamuzi ulikuwa mdogo na wa kawaida: akina mama wa ujirani ule wapike uji wa mchana kwa zamu, mahali pamoja, kwa ajili ya watoto wote wadogo, na baba aliagizwa kutoa karanga na maharage, na kuchukua yeye mwenyewe kazi ya kuni. Baba alinung'unika, kisha akatii. Baada ya kupimwa mara mbili mdogo wetu alikuwa kijivu. Kabla mwaka mwingine haujaisha alikuwa kijani. Leo ana watoto wake.

Wataalamu waliuita utaratibu huu kwa maneno matatu: kutambua, kuchambua, na kutenda, kisha kutambua tena. Mzunguko huo ulianzia nyumbani, ukapanda kwenye kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa. Jambo lililoweza kutendwa na mama lilitendwa na mama. Lililomshinda lilitendwa na kijiji. Lililokishinda kijiji, kama vile dawa na chanjo, lilipelekwa juu. Vijiji vilianzisha vituo vya kulishia watoto, vikatafuta mashine za kusaga na mikokoteni ili kumpunguzia mama mzigo.

Katika hayo yote jambo lililotufurahisha zaidi ni habari ya kimea. Kila mama wa nyanda hizi alijua kuotesha ulezi, kuukausha na kuusaga ili kupika pombe. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walionyesha kwamba kijiko kidogo cha unga huo wa kimea kikitiwa katika uji mzito, uji hulainika ukanyweka, pasipo kupoteza nguvu yake. Basi elimu ya bibi zetu, iliyodharauliwa kwa sababu ilinuka pombe, ikawa dawa ya mtoto. Huo ndio utamaduni tunaouita hai: haukai kabatini, bali hutumika kwa haja ya leo.

Matokeo yake yalionekana kwa hesabu. Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji vile vya kwanza, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka kama 56 kwa mia hadi 38 kwa mia. Wale wa hali mbaya kabisa, yaani wa nyekundu, walishuka kutoka 6.3 hadi 1.8 kwa mia. Tukumbuke kwamba miaka hiyo ilikuwa ya dhiki kubwa nchini: sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuwa adimu, na mafuta ya taa yalipangiwa foleni. Taifa zima lilikuwa likifunga mkanda, lakini watoto wa Iringa walikuwa wakinenepa.

Habari hizi zilienea. Mpango ulipanuliwa mkoani kote, kisha njia yake ikachukuliwa na mikoa mingine. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mwongozo wake wa dunia juu ya sababu za utapiamlo, ukieleza kwamba chakula, afya na matunzo ni mafiga matatu yasiyotengana, mawazo yake yalikuwa yamekomaa kwa mambo yaliyojifunzwa Iringa. Mtaalamu Urban Jonsson kutoka Sweden, aliyefanya kazi nchini mwetu, alikuwa miongoni mwa walioyaandika. Hivyo wanakijiji waliokaa chini ya mti waliifundisha dunia, ijapokuwa wengi wao hawakupata kujua.

Baada ya Hapo

Laiti historia ingeishia hapo! Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua mwisho. Fedha za mpango zilipungua. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za serikali. Kisha ukaja ugonjwa wa ukimwi, nao ulizipiga nyanda hizi kuliko sehemu nyingine za nchi. Uchunguzi wa mwaka 2003/04 ulikuta watu wazima wenye virusi kama 14 kwa mia Mbeya, na 13 kwa mia Iringa. Huko Makete kaburi la mama lilifuatana na kaburi la baba. Mikono iliyobaki ilikuwa ya bibi. Wazee wa miaka sabini walianza tena kulea watoto wachanga, na waliwalea. Tunapotafuta mashujaa wa taifa hili, tusiwasahau mabibi wa Makete.

Mizani nayo haikutoweka, ilibadilika kazi. Katika utumishi wetu serikalini tumeshika majalada mengi ya taarifa za uzito, na tunakiri kosa ambalo ni letu pia. Takwimu zilizoandikwa kijijini zilipanda juu kila robo mwaka, zikajumlishwa, zikafungwa kwa uzi, zikakaa. Hazikurudi. Mama alipimiwa mtoto, akarudishiwa kadi, akaenda zake. Wala hapakuwa na mkunga wa kumwambia baba kwamba hatukupima kihenge. Kupima kukawa taarifa badala ya kuwa mazungumzo.

Mwaka 2022 uchunguzi wa afya wa taifa ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa 30 kwa mia nchini kote; lakini Iringa walikuwa karibu 57 kwa mia, idadi iliyozidi mikoa yote, na Njombe ikafuata kwa 50. Twapaswa kuwa waangalifu: kipimo hiki ni cha urefu kwa umri, na kile cha miaka ya 1980 kilikuwa cha uzito kwa umri, hesabu hizi mbili haziwekwi kwenye mizani moja. Lakini maana yake haifichiki. Mikoa ileile ya mahindi, viazi, maharage, chai, mbao na maparachichi, ambayo malori yake hayapumziki barabarani, ndiyo yenye watoto wengi wafupi kuliko umri wao. Na kudumaa kwa mtoto hakuishii mifupani, bali hugusa akili yake, masomo yake na kipato chake cha baadaye.

Serikali haikulala. Wakuu wa mikoa walitiliana mkataba wa lishe. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ambayo haimtazami mtoto kwa tumbo tu, bali pia kwa afya yake, ulinzi wake, michezo yake na maneno anayoambiwa na wazazi wake. Na siku ya afya na lishe ya kijiji, ya kila miezi mitatu, imewekwa katika utaratibu wa nchi nzima. Anayeijua historia ya Iringa atatambua mara moja kwamba huo ni mti uleule.

Hitimisho

Basi historia hii yatufundisha nini? Kwanza, kwamba ghala si ushahidi wa shibe ya mtoto. Pili, kwamba mama hakosi upendo wala akili. Hukosa saa, na saa zake haziwezi kuongezwa ila na mume wake na majirani zake. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba ushindi wa miaka ya 1980 ulipatikana kwa sababu idadi iliyopatikana chini ya mti ilijadiliwa chini ya mti uleule, siku ileile, na watu waliokuwa na uwezo wa kutenda. Desturi ya Wanyakyusa ya kula kwa zamu kwa mama wa kila mwenzako, na zamu ya uji wa mchana katika kijiji chetu, ni kitu kimoja chenye umri tofauti. Kilichoongezwa na wakati wetu ni mizani tu.

Kwa hiyo twawaomba watendaji wa vijiji na kata, ambao ni wenzetu katika utumishi: kabla hamjapeleka taarifa juu, isomeni chini. Itajeni idadi ya watoto waliodhoofika mbele ya mkutano wa kijiji kama mnavyotaja bei ya mbolea, bila kumwaibisha mtu, kisha mwulize ni nani atakayepika uji wa mchana. Nasi kwa kuwa kazi ya ofisi haikutuachisha ushairi, tunafunga kwa ubeti mmoja:

Ghala likijaa tele, mwana akadhoofika,
Jirani sogea mbele, umuulize haraka,
Tusifiche kwa kelele, mizani imetamka,
Mwana wa yeyote yule, ni wa kijiji hakika.